Kadi Zilizogeuka Buluu Wiki ya Idi

Kosa langu nalitaja mwanzo, msije mkasema nimelificha katikati ya maneno. Niligawa kadi za kupimia choo wiki ya Idi ya kuchinja, na kabla ya kuzigawa nilifuta kwa mkono wangu mstari uliosema mtu asile nyama siku tatu.

Nyinyi mnaoingia maabara leo huenda kadi zile hamkuziona. Zilikuwa za kutafuta damu isiyoonekana kwa macho, kwa sababu saratani ya utumbo mkubwa huvuja damu kidogo kidogo muda mrefu kabla mtu hajahisi kitu. Mgonjwa anapaka choo kidogo kwenye kadi kwa kijiti, anakuletea, wewe unatonesha dawa na kutazama saa. Ikigeuka buluu, kuna damu. Lakini kadi ile ilikuwa haijui damu ya mtu na damu ya ng'ombe. Ukila nyama jana, leo kadi inaweza kusema una damu, na kweli ipo, ila si yako.

Maelezo yalikuja ndani ya boksi kwa Kiingereza. Niliyafasiri mimi kwa kamusi, siku nne, neno kwa neno. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka Kiswahili changu kiwe sahihi kuliko Kiingereza chenyewe. Nilipofika kwenye mstari wa nyama nikaguna. Unguja hii, nani anakula nyama siku tatu mfululizo? Sisi watu wa changu na dagaa na papa mkavu. Nikaona mstari ule utawababaisha watu bure, watadhani hata samaki kakatazwa, watashinda na njaa, waanguke njiani. Nikaufuta. Karatasi ikabaki na mistari saba badala ya minane, nikaiona imependeza. Nikaipiga taipu, nikaigonga mhuri, nikaibandika ukutani.

Boksi lenyewe lilikuwa limekwama bandarini wiki nyingi. Lilipotoka, Idi ilikuwa imebisha hodi. Tukagawa kadi siku ya pili ya sikukuu, kwa yeyote aliyetaka, mzee kwa kijana. Watu walikuwa wamevaa nguo mpya na mikono yao inanukia pilau. Niliinusa harufu hiyo kwenye bahasha za kadi, wallahi niliinusa, na haikunambia kitu.

Kazi hii sikuisomea. Mwaka 1985 niliajiriwa kuosha chupa na slaidi katika maabara ya hospitali moja ya mjini. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nikiosha slaidi nilikuwa naitazama kwanza kwa darubini kabla ya kuitia kwenye maji, nikilinganisha na picha za kitabu chakavu kilichokuwa kinazuilia dirisha lisigonge. Nikajifunza mayai ya minyoo yote hivyo, ya safura, ya tegu, ya kichocho, kabla sijajua kwamba kuna chuo kinachofundisha. Baada ya miaka miwili wakanipa koti.

Kwa kuwa sikuwa na cheti, niliogopa. Mwenye cheti akikosea husema amekosea. Mimi nikikosea ingesemwa, "Si mlimpa kazi muosha chupa!" Basi nilihesabu kila kitu mara mbili. Siku moja nilikuwa nshafika nyumbani Mikunguni, nshavua viatu, nikarudi kwa miguu hadi mjini kuhakikisha nimefunika chupa ya dawa, maana hewa ya bahari huiharibu. Chupa ilikuwa imefunikwa. Kesho yake nikarudi tena.

Mkubwa wangu alikuwa Maalim Makame, mtu wa Tumbatu, mwembamba, amekaa kwenye darubini ile tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikinikera. Kabla ya kupima choo cha mtu alitoa kichwa dirishani na kumuhoji mwenyewe.

"We bwana wa shati la njano! Unalima?"

"Nalima mpunga, Maalim."

"Kwa viatu au kwa miguu mitupu?"

"Nani analima mpunga kwa viatu, Maalim?"

"Basi nshajua nitakachokikuta. Kaa kitako."

Nilidhani ni umbea. Nilikuwa naona kipimo cha kweli ni kile ambacho mpimaji hamjui mpimwa, kama mzani usiomjua muuza ndizi. Maalim akanambia siku moja, "Mbarouk, wewe slaidi unaisoma vizuri, huruki nukta. Lakini ina mwenyewe, kakaa pale kwenye benchi, na toka asubuhi hujamtazama uso." Nikajibu kwamba yeye naye toka asubuhi hajaandika hata jina moja kwenye daftari. Ilikuwa kweli. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku kapita kwenye majivu, na siku nyingine kuku mwenyewe hakupita. Alicheka, nami nikaona nimeshinda. Sikujua nimeshinda nini.

Basi kadi zikaanza kurudi, wiki ile ya Idi. Nikaweka saa yangu mezani, nikatonesha, nikangoja sekunde sitini kwa kila moja, nikasoma kwenye mwanga wa dirisha si wa taa. Hilo lifuateni hata leo kwa kipimo chochote cha rangi, taa hudanganya. Kadi ya kwanza buluu. Ya pili buluu. Ya tatu nyeupe, ya nne buluu kama wino wa skuli. Kufika Ijumaa nilikuwa na orodha ndefu.

Nakiri hapa, kwa sababu hapa ndipo panaponichoma mpaka leo: nilifurahi. Nilifikiri nimegundua jambo. Nilijiona tayari nimesimama mbele ya wakubwa wenye vyeti, wakisema muosha chupa ndiye aliyeona.

Kila mwenye kadi ya buluu alipaswa kutazamwa ndani ya utumbo kwa bomba lenye taa. Hapa kwetu hapakuwa na wa kufanya hivyo. Daktari Nasra, mpasuaji, alikuwa anakuja kutoka Dar kwa boti ya asubuhi, Alkhamisi moja kila baada ya wiki mbili. Mgonjwa ashinde na njaa, anywe haluli siku moja kabla mpaka tumbo liwe tupu, alale ubavu. Kwa siku Daktari Nasra aliweza watu sita. Nikawapanga kwa namba, kila mtu kama alivyoleta kadi yake.

Bi Zuwena alileta ya kwake karibu ya mwisho, kwa haya. Alikuwa mwanamke wa Malindi, miaka arubaini na kidogo, wa ukoo wa Kiarabu uliokuwa na mikarafuu zamani. Mikarafuu ilikuwa imekwenda na wakati, naye alikuwa akishona kofia nyumbani kwake ghorofani na kuuza. Alipokuja kuuliza majibu alisimama dirishani, uso kaufunika nusu kwa buibui.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Sema polepole, watu wapo nyuma."

"Kadi yako imegeuka buluu."

Akasogeza uso karibu na dirisha. "Baba yangu kafa kwa tumbo hili. Kaka yangu kafa huko Dar kwa tumbo hili hili, hata hamsini hajafika. Sasa mimi. Nambie kweli."

"Ni kadi tu, Bi Zuwena. Daktari ndiye atakayesema."

"Atasema lini?"

Nikatazama orodha. "Wewe ni namba thelathini na moja. Kiasi cha wiki kumi, inshaallah."

"Hapana njia nyengine?"

"Foleni ni foleni."

"Haya," akasema, na nikamuona jicho likicheka. "Zama za foleni ya sukari nilikuwa namba mia, na sukari nikaipata. Ilikuwa na mchanga, lakini nikaipata."

Msinihukumu haraka, ingawa mkinihukumu mna haki. Siku zile mwenye jamaa ndani alipita mbele, asiye na jamaa alikaa benchi mpaka jioni. Mimi niliapa sitakuwa hivyo. Niliona kuwapanga watu wote sawasawa ndiyo uadilifu. Maneno yake sikuyapuuza, niliyaandika pembeni ya jina lake: *baba, kaka*. Niliyaandika kwa mwandiko mzuri sana. Kisha nikafunga daftari.

Alkhamisi ya kwanza Daktari Nasra alitazama watu sita, hakuna kitu. Ya pili, bawasiri kwa mmoja, watano wazima. Ya tatu alitoka chumbani saa sita, kavua glavu, akaniita.

"Mbarouk!"

"Naam, daktari."

"Watu kumi na wanane umenipa. Nimewanywesha haluli, nimewashindisha na njaa, nimewatia bomba pasipotiwa kitu. Wazima kama chuma. Unanipa nini wewe?"

"Kadi zao zote buluu, daktari. Saa nimeiangalia. Dawa nimeijaribu upya—"

"Sikuulizi saa. Walikula nini?"

Maalim Makame akajibu yeye, bila ya kuinua jicho kwenye darubini. "Nyama. Wiki ile Unguja nzima inatafuna nyama. Mtu ana fungu lake, ana la jirani, ana la mkwe. Ungepima paka wa Darajani nao wangetoka buluu."

Daktari Nasra alicheka mpaka akatafuta kiti. Mimi nilisimama pale, nikauona ule mstari wa nane kama umeandikwa ukutani. Nikawaambia. Nilisema pale pale kwamba mstari ulikuwepo na nimeufuta mimi.

Kicheko kikakatika.

"Na wewe, Maalim," nikamgeukia, maana mtu mwenye kosa hutafuta wa kugawana naye, "ulijua tangu siku ile. Mbona hukusema?"

"Uliniuliza? Karatasi umeipiga taipu, umeitia mhuri. Mimi mtu akishatia mhuri namuacha na mhuri wake." Kisha akavua miwani. "Na hilo nalo dhambi yangu. Niandikie."

Nikasema nitarudia wote. Kila mtu ale samaki siku tatu, kila mtu apimwe upya, orodha isafishwe, nianze daftari jipya. Daktari Nasra alinitazama kama mtu anavyomtazama anayefagia ufukwe. Kadi zilizobaki zilikuwa nusu boksi, na boksi jengine hatukujua litakuja mwaka gani.

"Hata ungekuwa na maboksi mia," akasema, "mimi nna Alkhamisi mbili kwa mwezi. Mara sita. Hicho ndicho kipimo chetu ghali, si kadi. Kadi unamgaia kila mtu kwa sababu rahisi, halafu kila kadi ya uwongo inakula kiti cha mtu wa kweli. Sasa nambie. Ukiwa na viti sita tu, unamuweka nani?"

Sikuwa nimejiuliza swali hilo hata siku moja. Nilikuwa nimejiuliza tu nani kaja mwanzo.

Tukakaa watatu na daftari langu. Kijana asiye na dalili wala jamaa aliyeugua, tukamtoa, arudi nyumbani kwa amani. Aliyepita hamsini, asiye na jamaa, tukasema apewe kadi, lakini ale samaki siku tatu kwanza, na mwanamke aliye katika siku zake angoje. Mtu wa shamba anayetembea miguu mitupu atibiwe safura kwanza, apimwe baadaye, kwa sababu minyoo ile hunyonya damu na kadi hugeuka buluu kwa ajili yao. Hilo alilisema Maalim, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini alikuwa akiwauliza watu habari za viatu.

"Na ambaye baba yake au ndugu yake kafa kwa maradhi haya?" nikauliza.

"Huyo kadi ya nini?" akasema Daktari Nasra. "Huyo ikitoka nyeupe utamuamini? Huyo anakuja kwenye bomba moja kwa moja, hata kama ana miaka arubaini. Yuko nani hapo?"

Nilikuwa nshafika kwenye ukurasa. *Baba, kaka.* Wiki sita zilikuwa zimepita.

Bwana mkubwa wa ofisi, tulipompelekea mpango, hakuupenda. Alisema ripoti inataka watu wengi, na sisi tunapunguza. Daktari Nasra akamwambia, "Nikutajie wangapi tumewapima, au wangapi tumewakuta na maradhi?" Yule bwana akasema aandikiwe yote mawili. Mtakutana naye na nyinyi, kila zama ana jina jengine. Msigombane naye. Mwandikieni yote mawili.

Jioni ile ile nikenda Malindi. Bi Zuwena alikuwa kakaa juu ya mkeka karibu na dirisha, kofia gotini, sindano mkononi, uso umepauka kuliko nilivyomuacha.

"Namba yangu imefika?" akauliza.

"Imefika."

Uwongo. Namba yake ilikuwa haijafika, wala isingefika kwa mwezi mzima mwengine. Nilishindwa kumwambia kwamba hakupaswa kuwa na namba.

Alkhamisi iliyofuata alikuwa wa mwanzo kuingia. Daktari Nasra alipotoka hakuniita. Alipita mbele ya dirisha langu na glavu zake, akenda kunawa, akanawa muda mrefu. Bi Zuwena akapelekwa Dar, akapasuliwa, akarudi. Alishona kofia mbili tatu. Mwaka haukuisha, akafariki.

Nilimuuliza Daktari Nasra swali mnalolifikiria. Zile wiki sita?

"Sijui," akasema. "Nadhani hapana. Kitu kile kilianza zamani, Mbarouk. Kilianza kabla ya kadi zako." Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nalibeba zaidi kuliko lile la nyama. "Siku aliyokufa kaka yake, pale ndipo palipokuwa na wiki za kuokoa. Mtu angewaita ndugu zake wote siku ile. Hakuna aliyewaita."

"Nadhani hapana." Nimeyageuza maneno hayo miaka mingi. Siku nyingine nayaona yananisamehe, siku nyingine naona amenihurumia tu. Nimechoka kuyageuza. Nawaachia kama yalivyo.

Niwape la kucheka kidogo, maana mimi mwenyewe nalihitaji. Mwaka uliofuata tulipeleka zile kadi zilizobaki Kiwengwa, kwa watu wa makamo. Ilikuwa zama kilimo cha mwani kimeshika, wanawake wanashinda majini. Nilisimama mbele yao kueleza namna ya kuchukua choo. Tandaza gazeti kwanza, usije ukakosea ukachukua kilichoingia maji, maana sisi hutumia maji na maji huharibu. Chukua kwa kijiti cha kiberiti, sehemu mbili, ya mwanzo na ya mwisho. Usinywe ndimu nyingi siku hizo, zinaficha rangi. Nilieleza kwa ukamilifu, na kwa kuona haya nilikuwa natazama mnazi.

Mama mmoja akaniuliza, "Kijana, umetoka mjini na gari kuja kuchukua mavi yetu?"

"Ndiyo, mama."

"Ya mjini yamekwisha?"

Walicheka mpaka mmoja akamuangukia mwenzake. Maalim akawaacha wacheke, halafu akawaambia, "Ya mjini tumeyapima wiki ya Idi, tukakuta ng'ombe." Basi hapo mkutano ukawa wetu. Wakameza dawa za minyoo kwanza, tukangoja wiki kadhaa, tukarudi na kadi. Zilizogeuka buluu zilikuwa chache sana, na hao wachache Daktari Nasra aliwapata kwa Alkhamisi moja. Mmoja alikuwa na kivimbe, nacho kilikuwa bado kidogo. Nusu boksi ile ilifanya kazi ambayo boksi zima la mwanzo halikufanya.

Lakini mimi kichwani nilikuwa na mtu mmoja. Bi Zuwena alikuwa na mdogo wake, Bi Rukia, kaolewa Mpendae, miaka thelathini na tisa. Siku za mwisho Bi Zuwena alinambia, "Yule ni mbishi. Usimpe namba yule, mfuate." Basi nikamfuata.

Mara ya kwanza nilibisha hodi, sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, "Bi Rukia hayupo." Mara ya pili nikabisha, sauti ile ile ikasema, "Nshakwambia hayupo, kenda Pemba." Nikauliza atarudi lini. Ikasema, "Sijaamua."

Nilikuwa nimemuandalia maelezo, kurasa mbili, kwa mwandiko safi: utumbo ni nini, kivimbe ni nini, kwa nini ndugu. Nilizipenyeza chini ya mlango. Zikarudishwa kwa njia hiyo hiyo.

Mara ya tatu sikuchukua karatasi. Nilisimama nje nikasema, "Bi Rukia, mimi ndiye niliyemuweka dada yako namba thelathini na moja. Aliniambia habari za baba na kaka, nikaziandika pembeni, nikafunga daftari."

Kisha mlango ukafunguka kiasi cha uso.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Dada alinisimulia. Alisema kijana mmoja mpole, ana mwandiko mzuri." Alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Umekuja nikusamehe?"

"Nimekuja uende Alkhamisi."

"Na nisipokusamehe?"

"Uende vile vile."

Akaegemea mlango. Niliona analia, au ana hasira, sikuweza kutofautisha, na sikuona ni kazi yangu kutofautisha. Halafu akasema polepole, "Sikiliza, mwanangu. Mimi kufa naogopa, mimi si jiwe. Lakini mwanamme anitazame huko, niishi na uso gani? Dada kavumilia kwa kuwa alikuwa mgonjwa, na ya chumbani kwa haya hakunisimulia. Mimi mzima."

"Mwanamme gani?"

"Huyo daktari wenu wa boti."

"Daktari ni mwanamke. Anaitwa Nasra."

Bi Rukia akafungua mlango wote. "Mwanamke! Na kurasa mbili umenijazia matumbo na mishipa, hilo hukuliandika? Ukanifanya nijipeleke Pemba na mimi nipo jikoni!"

Kurasa zile nilikuwa nimezisahihisha mara tano. Nilikuwa nimeandika kila kilichokuwa kitabuni, na hilo kitabuni halikuwemo. Nawausia nyinyi: mnapoandika karatasi ya mgonjwa, mtafuteni mtu kama Bi Rukia mumsomee kwanza, aitukane. Na mkiona mstari mnataka kuufuta, muulizeni yeye.

Alkhamisi akaja, kavaa buibui mpya, hana dalili hata moja. Sikumpima kadi. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa, mahali ambapo Maalim alikuwa akisema sijapatazama, nikangoja pamoja na watu. Ilichukua muda. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikavihesabu tena.

Daktari Nasra akatoka na kichupa kidogo, akakiinua kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na kinyama, ukubwa wa punje ya kunde. Amekikata chote. Bado hakijawa saratani, akasema, lakini kingekuwa. Kingehitaji miaka kadhaa na ukimya wetu.

Nikakipokea, nikakiandikia jina. Niliandika juu ya goti, pale pale kwenye benchi, mwandiko ukawa mbaya, na nikauacha hivyo hivyo.

Bi Rukia yuko hai. Alitazamwa tena baada ya miaka mitatu, na tena, akakutwa msafi. Wanawe nao wameambiwa umri wao ukifika waje wenyewe. Kunisamehe hajanitamkia. Tukikutana sokoni hunisalimia kwa jina, hunikemea kwamba nimekonda, na huondoka.

Mimi nimeacha kazi mapema, macho yamechoka kwa darubini. Maalim Makame alitangulia kustaafu, kisha akatangulia kuliko hivyo, Mungu amrehemu. Kabla sijaondoka kilikuwa kimeshakuja kipimo kipya kinachotambua damu ya mtu peke yake, na Daktari Nasra alikuwa na mwenzake wa kupokezana naye. Viti bado havitoshi. Havitatosha na kwenu. Ila wakati naingia kazini, aliyethibitika kuwa na saratani ya utumbo alikuwa anaandikwa peke yake daftarini. Siku hizi chini ya jina lake huandikwa ndugu zake wa baba na mama na wanawe, na mtu wa maabara hutoka kwenda kuwaita.